Utepe unaokosekana: namna bakteria anavyounda nyuzi za kunatia

Hapa Mtwara, kama kwingineko, mkojo wa mtu mwenye maambukizi ya njia ya mkojo ukioteshwa maabara, bakteria anayejitokeza mara nyingi ni Escherichia coli. Wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo hujifunza upesi kumtambua, lakini napenda wajiulize pia kwa nini mkojo unaopita kwa kasi haumsombi. Hang'oki kwa sababu ana nyuzi za protini ziitwazo fimbria, na ncha ya kila uzi, protini ya FimH, hushika sukari ya manosi iliyo juu ya seli za kibofu.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi uzi wenyewe unavyojengwa. Mwili wake ni vipande vingi vya protini moja, FimA, na kila kipande kina umbo linalofanana na la imunoglobulini (protini za kingamwili), ila lina tepe sita badala ya saba; utepe ni sehemu ya mnyororo wa protini iliyonyooka na kulala sambamba na nyingine. Pale ulipopaswa kuwapo utepe wa saba pana mfereji ulio wazi, usiopatana na maji, hivyo kipande kikiachwa peke yake hakitulii. Mwaka 1999 makundi mawili ya watafiti yalionyesha, kwa picha za fuwele za protini hizo, kwamba protini mlezi, yaani inayosaidia protini nyingine zikunjike vizuri, huuziba mfereji huo kwa kuuazima utepe wake yenyewe. Katika fimbria hizi mlezi huyo ni FimC.

Mlezi hukifikisha kipande kwenye FimD, tundu lililo katika utando wa nje. Hapo mkia mfupi wa kipande kinachofuata huingia katika mfereji na kuusukuma nje utepe wa mlezi hatua kwa hatua, kama meno ya zipu yanavyofungana. Utepe wa mlezi hukaa kwa mwelekeo usio wa kawaida, ilhali mkia mpya hukaa kwa mwelekeo unaokikamilisha kipande na kukifanya imara zaidi. Ndiyo maana kazi hii huendelea bila ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, ambayo haipo kabisa kati ya tando mbili za bakteria: nguvu inayohitajika imehifadhiwa katika mkunjo wa kipande, ambao ulikuwa bado haujakamilika.

FimH haina mkia huo; mahali pake ina sehemu ya kushikia manosi. Kwa hiyo haiwezi kuziba mfereji wa kipande kingine, na nafasi pekee inayoifaa ni ya mbele kabisa.

Kwa kuwa usugu wa dawa unazidi kutubana, natilia maanani sana kemikali ndogo zilizokwisha kutengenezwa ambazo hujibandika kwenye protini mlezi na kuizuia isifike tundu la nje. Haziui bakteria; humnyima nyuzi, na asipokuwa nazo hawezi kung'ang'ania ukuta wa kibofu.