Bahasha ya sadaka niliyorudi nayo nyumbani

Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huku Marangu. Kwa miaka mingi watu wameniita nikae kati yao wanapokosana: mume na mke, mama na mkwe wake, majirani waliokatiana migomba. Kazi hiyo naipenda sana. Lakini kwa mwaka mmoja na miezi minne, mimi na mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kinapakana na changu, hatukusalimiana.

Chanzo kilikuwa masale. Kwetu Uchagani mpaka hupandwa isale, mmea wa majani marefu, na mstari ukishaota kila mtu anaujua. Masale matatu katika mstari aliopanda baba yetu yalikauka, nikapanda mengine siku ambayo mdogo wangu hayupo. Nilikadiria kwa macho, nikaingia kwake kama hatua moja na kumeza mashina mawili ya kahawa. Aliporudi akasema nimehamisha mpaka. Nikamjibu mbele ya watoto wake kwamba shamba lenyewe alilipata kwa kuzaliwa mwisho tu. Kwa mila zetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na neno hilo lilimchoma kuliko ile hatua moja.

Akatishia kwenda Baraza la Kata. Nikasema aende. Nilijua kwamba tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 baraza hilo hupatanisha tu kwenye ardhi, na siku 30 zikipita bila mwafaka mnaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mashahidi. Hakwenda. Tukabaki kupishana njiani kila mtu akitazama mfereji.

Jumapili moja mwinjilisti wetu alisoma Mathayo 5. Mstari wa heri wapatanishi niliupokea kama wangu. Kisha akafika pale Yesu anaposema ukileta sadaka yako, ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Nimeusikia tangu kipaimara, ila siku hiyo ndipo nilipousikia vizuri. Hausemi ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. Yeye ndiye mwenye neno. Kumbe nilikuwa nasubiri aje kwangu, nami ndiye niliyetakiwa kwenda. Kikapu kilipopita, bahasha yangu ya ahadi ilibaki mfukoni.

Jioni nikaenda. Nilimkuta akikatakata mgomba wa ng'ombe. Nikasema, "Nimekuja tuyamalize, ingawa na wewe ulinitukana." Hakuinua kichwa. Akasema, "Kaka, kama umekuja na ingawa, rudi nayo." Nikarudi nayo, na Jumapili iliyofuata bahasha ya pili ikabaki mfukoni pia.

Wiki hiyo niliomba kwa namna nyingine. Zamani nilikuwa namwombea ili Mungu amlainishe moyo. Sasa niliomba nipewe masikio. Nikakata jani la isale, nikalifunga fundo kama walivyofanya wazee wetu wakienda kuomba radhi, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Wapo Wakristo wanaosema jani hilo ni mambo ya kale, liachwe. Mimi naona ndiyo lugha ambayo mdogo wangu anaielewa, na ujumbe niliobeba ulikuwa wa Injili. Nikamwambia, "Nilikosa. Nieleze ulivyoyaona wewe." Nikanyamaza.

Alizungumza mpaka giza likaingia, na mpaka wenyewe hakuugusa sana. Alizungumza habari za mama. Alipougua, mimi nilikuwa Dar es Salaam natuma hela. Yeye na mkewe ndio waliomgeuza kitandani na kumfulia. Siku ya maziko nilisimama kutoa shukrani za familia, nikawataja madaktari, kwaya na majirani, mkewe sikumtaja. Sikuwahi kukumbuka jambo hilo hata mara moja. Yeye alikuwa analala nalo kila usiku.

Nikamwita shemeji aliyekuwa jikoni. Nikamwomba msamaha, nikamshukuru kwa kila alichomfanyia mama yetu. Akafuta machozi kwa kanga, akaniletea chai.

Jumamosi tulimwita baba mdogo, anayekumbuka baba alipopanda. Tuling'oa masale yangu matatu tukayarudisha kwenye mstari wa zamani. Jumapili ya tatu nilitia bahasha tatu kikapuni.

Tangu hapo sisuluhishi kama zamani. Sianzi tena kwa kuwakutanisha watu na kuwataka wapeane mikono. Naenda kwa mmoja kwanza, kisha kwa mwingine, kila mtu kwake, na ninachoambiwa sikihamishi kwenda upande wa pili. Sisomi andiko mpaka mtu amalize kusema. Wala siruhusu ile sala ya kusemana, ambapo mtu anafumba macho na kumwambia Mungu mambo yanayomlenga jirani aliyekaa karibu naye. Imeharibu jumuiya nyingi. Na penye kipigo au dhuluma simwambii aliyeumizwa avumilie. Huyo namsindikiza apate ulinzi na haki yake kwanza.

Sasa hivi nina kina mama wawili wa jumuiya yetu, walikosana kwa hela ya kikoba. Mmoja yuko tayari. Mwingine nimeshamfuata mara nne, na kila mara ananikaribisha, ananisimulia chakula cha kuku wake, soko na mvua, kila kitu isipokuwa hilo. Nakaa namsikiliza. Alhamisi anavuna kahawa na hana msaidizi, nitakwenda kumsaidia kuchuma.