Kutafuta Hamri Lisilo na Mapambo Dar es Salaam

Ukitoka Mombasa kuja Dar es Salaam kwa basi, utagongewa mihuri Lungalunga na Horohoro, utapita Tanga, na utashuka jioni ukiwa bado unasikia Kiswahili kila upande, hata usahau kwamba umefika nchi ya watu. Mimi nilikumbushwa asubuhi ya pili, nilipoomba mahamri mawili kwa mama lishe wa karibu na nyumba niliyopanga Magomeni, naye akaniuliza kwa upole, "Mahamri ndiyo nini, kaka? Maandazi haya?"

Maandazi yake hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya mviringo, mazito, yameshiba ndani kama mkate, na mawili kwa chai ya rangi yangemfikisha fundi ujenzi adhuhuri bila manung'uniko. Hamri, hata hivyo, kwetu ni jambo jingine: unga wa ngano hukandwa kwa tui zito, sukari kidogo, iliki iliyotwangwa na hamira, ukaachwa uumuke, kisha kila donge likasukumwa jembamba na kukatwa vipande vinne. Likiiva huwa limefura, na ukilipasua hukuti nyama ya mkate bali uwazi mtupu unaotoa mvuke, ambamo mbaazi za nazi hupata pa kukaa.

Kwa miezi mingi niliukosa uwazi huo. Duka moja la mikate, ambalo sitalitaja, liliniuzia kitu kilichoandikwa "mahamri" huku kimenyunyiziwa sukari ya unga juu, kana kwamba kulikuwa na aibu ya kusitiriwa. Donati za chokoleti sizihesabu kabisa. Hizo ni za siku za kuzaliwa za watoto.

Nikaamua kukaanga mwenyewe, na mahamri yangu yakalala chini ya karai yakinywa mafuta kama yaliyofunga siku nzima. Nilipompigia mama simu, hakuhitaji maelezo marefu: "Umesukuma manene, na mafuta umeyaonea huruma." Alikuwa na haki, kwani ni mvuke ndio unaoutenganisha unga juu na chini, nao hauwezi kufanya kazi hiyo ikiwa mafuta hayajapata moto wa kutosha au donge limekuwa zito kuliko nguvu zake.

Hatimaye nililipata Ilala, kwenye kibaraza cha bibi mmoja mzaliwa wa Tanga, ambaye jiko lake la mkaa nililiona kabla ya kumwona yeye. Alitupa kwanza kipande kidogo cha unga, akangoja kizame na kuibuka papo hapo, ndipo akatia robo nne na kuanza kuyachota mafuta kwa upawa akiyamimina juu yake, polepole, mpaka kila moja likavimba na kujigeuza lenyewe. Nilinunua matano nikala matatu nimesimama, vidole vikiungua.

"Shikamoo bibi," nikasema baada ya kumeza, kwa kuwa njaa ilikuwa imenisahaulisha adabu. "Haya kwenu mnayaitaje?"

"Marahaba, mwanangu. Maandazi," akajibu bila kuinua macho kwenye karai. "Ila haya ya nazi uwahi kabla ya saa moja, maana wenzako wa Tanga na Unguja hawanibakishii."