"Na huyu mama je?"

Tumerudi Dar kutoka Nairobi tangu Jumatano. Mama katolewa mtoto wa jicho, mdogo wangu kajifungua salama, na ule mkataba wa Kigali ulionisumbua tangu Februari umesainiwa. Nashukuru kwa yote. Lakini kila nikijilaza namsikia yule dada wa mapokezi wa hoteli ya Nairobi, nilipomwonyesha kadi yangu ya mgeni wa mara kwa mara.

"Kiamshakinywa cha kadi ni cha mtu mmoja," alisema, macho kwenye kompyuta. "Na huyu mama je, tumwandikie kwenye bili?"

Nikamwambia, "Kigali mwezi uliopita tulilala wawili chumba kimoja, tukala wawili. Kadi ni hii hii."

"Hiyo ni Kigali, dada."

Mama alikuwa nyuma yangu, amesikia kila neno. Akanivuta mkono. "Mie asubuhi silagi, mwanangu."

Mama yangu! Mnaomjua mnajua habari ya chai yake ya saa moja na muhogo.

Nililipa, wala si hela iliyoniuma. Wiki nzima kabla ya safari nilikuwa namtuliza asihofu gharama. Nilimwambia mwaka jana nimelala usiku 60 kwenye hoteli za kampuni yenye kadi hii, usiku ambao mwanangu alikuwa akipelekwa kitandani na dada wa kazi, na sasa wananipa heshima yangu: chai kwa sisi sote, chumba mpaka saa kumi jioni. Tayari alishawahadithia majirani Chumbageni, huko Tanga. Halafu tunafika, chai ni ya mmoja na chumba ni mwisho saa sita. Nimeonekana mwongo mbele ya mama yangu, na kadi nimeishika mkononi.

Usiku ule, yeye amelala kitanda cha pili, nikasoma kanuni kwenye simu mpaka saa nane. Jibu lilikuwa chini kabisa: faida hutofautiana hoteli na hoteli. Nikaanza kuangalia na za kampuni nyingine za hoteli. Hyatt, kwa daraja lao la juu, wameandika waziwazi: watu wazima wawili na watoto wawili wa chumba kimoja. Marriott, kwa madaraja yao ya juu, wanaahidi chumba mpaka saa kumi jioni, kisha hoteli za mapumziko na za mikutano zinaambiwa watoe kama kuna nafasi. Hilton kule Marekani, tangu 2021, kwenye hoteli zao nyingi chai ya bure wameigeuza kiasi cha fedha cha kutumia hotelini. Sababu naijua, vitabu vya hesabu vya hoteli nimevikagua miaka minane. Mara nyingi jengo lina mwenyewe na jina ni la kampuni nyingine. Anayeahidi ni mwenye jina, anayenunua mayai ni mwenye jengo. Sawa. Basi mniandikie kwenye kadi yangu ni watu wangapi, nijue cha kumwambia mama kabla hajapanda ndege.

Ningemjibu yule dada hivi: "Huyu mama ndiye mgeni, mimi nimemsindikiza." Neno hili lilinijia Alhamisi, jikoni, nikikosha vyombo.

Na Mama hata hakushuka kula. Nilimbembeleza kwamba imeshalipiwa, akakataa. Akachemsha maji kwenye birika la chumbani, akafungua kanga, kumbe kabeba maandazi na tangawizi tangu Tanga. Tukanywa tumekaa kitandani, manyunyu yakipiga kioo. Asubuhi ya mwisho, bandeji imeshatolewa, aliniangalia muda mrefu, kikombe mkononi.

"Mvi hizi zimeanza lini?"

"Mwaka wa tatu sasa, Mama."

"Na hukuniambia." Akanipapasa kichwa mpaka chai yake ikapoa. Sijaguswa hivyo tangu nisome darasa la tano.

Leo asubuhi dada wa kazi kaniaga. Mwisho wa mwezi anarudi kwao Singida, anaolewa. Mwanangu bado hajaambiwa, na dada huyo ndiye anayemlaza kila usiku.