Siku za mwisho Port Fairy

Tulikuwa tusonge mbele hadi Cape Bridgewater tukawaone sili, ndipo tugeuze gari kurudi Melbourne. Mama akakataa. Alikaa kwenye ngazi ya kibanda tulichokodi, akavua viatu, akasema, "Mwanangu, mawe nimeyaona ya kutosha. Sasa niache nikae na bahari." Baba watoto akanitazama, nikamtazama, funguo za gari zikarudi mezani.

Nilikubali bila ubishi kwa sababu hizi zilikuwa siku zake za mwisho na sisi. Shule za huku Victoria, jimbo la Australia tunakoishi, hufunguliwa mwishoni mwa Januari, na yeye tiketi yake ya kurudi Tanga ilikuwa wiki hiyo hiyo. Kuja kote huku tulikuwa tumepita Great Ocean Road, ile barabara iliyochongwa ubavuni mwa milima na wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia 1919 hadi 1932, iwe kumbukumbu ya wenzao waliokufa. Mama alipoelezwa hilo aliomba tusimame kwenye tao la magogo pale Eastern View, akawaombea dua. Twelve Apostles, yale majabali marefu yaliyosimama baharini, nazo ni nzuri, sikatai. Lakini mahali pa kupigia picha hapakai moyoni mwa mtu kama mahali palipomlaza siku kadhaa.

Port Fairy ni mji mdogo kwenye mdomo wa Mto Moyne. Mashua za kamba koche zimefungwa kando ya mto, na Mama alikuwa akizifuata kila asubuhi baada ya chai, anakagua mitego na kamba zake, anasalimia watu kwa Kiswahili, nao wanamjibu kwa Kiingereza, na wanaelewana.

Amekulia kijiji cha wavuvi kaskazini ya mji wa Tanga. Huko wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Asubuhi bahari iko kwenye minazi, baadaye imekwenda hadi mwambani, na wanawake wanatembea chini na fimbo zao wakitafuta pweza. Kwa hiyo siku ya kwanza alichomeka kijiti mchangani pale East Beach, akarudi kukiangalia mchana, akarudi tena jioni. Maji yalikuwa yamesogea hatua chache tu. "Hii bahari haipumui," akasema. "Inapiga tu." Kweli, maji ya hapa yakipanda na kushuka sana ni kama mita moja, lakini mawimbi yanatoka mbali mno, kwa sababu ukitazama kusini hakuna nchi nyingine mpaka Antaktika. Wajukuu waliogelea kati ya bendera nyekundu na njano, pale walinzi wanapotazama, wamevaa nguo za mpira za kuzuia baridi. Mama alitia vidole vya miguu mara moja, akavitoa.

Jioni baba watoto alileta samaki wa kukaanga na chipsi, moto, kwenye karatasi. Mama akala kipande kimoja, akatulia, akakata kingine akakitazama nyama yake, nyeupe, nene, haina mwiba hata mmoja. "Huyu ni papa." Nikamwambia wenyewe wanamwita flake. Akasema jina ni lao, samaki anamjua. Kesho yake tulikwenda dukani pamoja nikamuuliza muuzaji, akathibitisha kwamba ni papa mdogo, na kwamba hapa Victoria ndiye anayeliwa zaidi na chipsi. Mama alifurahi mpaka akanishika mkono. Akadai ndimu, tukamtafutia, na tangu hapo hakuna siku tuliyolala bila papa.

Kilichomshika hasa, hata hivyo, ni ndege.

Nyuma ya mji kuna Kisiwa cha Griffiths, kimeungwa na nchi kavu kwa njia ya mawe, na mwisho wake umesimama mnara wa taa wa 1859. Ardhi ya kisiwa imejaa mashimo. Ni viota vya shearwater, ndege wa bahari wa rangi ya masizi, mabawa marefu membamba. Tulikwenda jua linapozama, kama saa tatu kasoro robo usiku kwa majira ya joto ya huku. Mwanzo hatukuona kitu. Halafu juu ya maji vikaonekana vitone, vikaongezeka, na ghafla ndege walikuwa juu yetu, kimya, wanateleza pasipo kupiga mabawa. Mmoja alitua kwa kifua karibu na mguu wa kitinda mimba wangu, akabiringika majanini, akainuka, akajikokota hadi shimoni. Hewa ilinuka mafuta ya samaki. Kutoka chini ya ardhi ikasikika sauti nyembamba ya kinda.

Kifungua mimba wangu akamsomea Bibi yake ubao wa maelezo, anatafsiri polepole. Jike hutaga yai moja tu kwa mwaka, mwishoni mwa Novemba. Linaanguliwa katikati ya Januari. Aprili wazazi huondoka kwenda Bahari ya Bering, kama kilomita 15,000, na kumwacha kinda. Wiki chache baadaye naye hutoka shimoni usiku na kuifuata njia ile ile peke yake.

Nilidhani Mama atauliza nani humwonyesha njia. Aliuliza jambo jingine: "Mashimo yote haya yanafanana, na giza hili. Huyu mzazi anajuaje la kwake?"

Akachagua shimo moja, pembeni kabisa ya njia, chini ya kichaka, ili alitazame bila kukanyaga viota vya wengine. Jioni ile mzazi aliingia. Jioni iliyofuata tulirudi, Mama kajifunga kanga mbili juu ya koti, akasimama hapo hapo. Ndege walishuka kulia na kushoto, pale hakushuka mtu. Kinda alisikika. Mama hakutaka kuondoka. Watoto walisinzia, baba yao akawabeba mmoja mmoja. Jioni ya mwisho ilikuwa hivyo hivyo.

Nilimweleza ukweli, kwamba wazazi hawa wakati mwingine huenda kutafuta chakula mbali kabisa kusini na kukaa hata wiki mbili kabla ya kurudi na tumbo lililojaa, na kinda anavumilia. "Basi yuko safarini," akasema. Lakini asubuhi, tukipakia mizigo, aliniuliza tena ni wiki mbili kamili au zaidi.

Njiani tulisimama Warrnambool kutazama Middle Island. Hapo mbweha walikuwa wakivuka maji yakipwa na kuwala pengwini wadogo, hata 2005 wakabaki chini ya 10. Mwaka uliofuata, kwa wazo la mfugaji mmoja, wakawekwa mbwa wakubwa weupe wa Maremma wawalinde, na pengwini wakaongezeka. Kisiwa hakiruhusiwi kuingiwa, tulitazama kutoka ng'ambo. Mama akapima ule mkono wa maji kwa macho. "Kumbe huku inapwa."

Sasa yuko Tanga. Nimeshakodi kibanda kile kile kwa Aprili, na nimepewa maagizo: niende kwenye shimo la chini ya kichaka jua likizama, nimpigie simu nikiwa hapo hapo. Nimemhesabia saa, kwake itakuwa kama saa tano asubuhi. Amesema siku hiyo haendi sokoni.