Kosa la 508 siku ya mnada wa korosho: jinsi lilivyotatuliwa

Tovuti ya mnunuzi wa korosho, Mtwara, ilitoa kosa la 508 (ujumbe wa kampuni za kuhifadhi tovuti kuwa akaunti imefikia ukomo wa rasilimali zake) kila siku ya mnada. Ankara ya kuhifadhi tovuti ilisema “sava binafsi”, yaani ya mteja mmoja peke yake. Kumbe ilikuwa ya pamoja, inayogawanywa na tovuti nyingi, na akaunti ilikuwa ikigonga ukomo wake wa prosesa na kumbukumbu.

Kwanza mteja aliambiwa ukweli na kurudishiwa tofauti ya bei. Hilo halisubiri. Kisha tovuti ikahamishiwa sava mpya: TTL ya DNS (muda ambao anwani ya tovuti hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya) ikashushwa hadi sekunde 300 siku moja kabla ya kuhama, fomu zikafungwa (vinginevyo oda mpya hubaki sava ya zamani), hifadhidata na faili zikanakiliwa na kujaribiwa, ndipo rekodi A (inayoelekeza jina la tovuti kwenye anwani ya IP ya sava) ikabadilishwa. Sava ya zamani iliachwa ikiwaka kwa saa 48.

Duka dogo la Lindi lenye kurasa tano linatosheka na sava ya pamoja, mradi ankara iseme hivyo.