Umeme Ukikatika Katikati ya Muamala: Access, Base na SQLite

Chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Arua kiliponiomba nikiandikie programu ya kutunza hesabu za wanachama, swali la kwanza nililojiuliza halikuhusu uzuri wa fomu wala kasi ya ripoti. Nilijiuliza hivi: umeme ukikatika wakati mweka hazina anaandika akiba ya mama aliyesimama dirishani, fedha hiyo itaonekana wapi?

Microsoft Access, programu ya hifadhidata (yaani ya kutunza data kwa majedwali) iliyotoka mwaka 1992, ndiyo niliyojifunzia, nami ninaiheshimu, kwa sababu fomu na ripoti nzuri hupatikana kwa siku moja tu. Hata hivyo faili lake haliruhusiwi kuzidi gigabaiti 2, na likiwekwa kwenye folda ya pamoja kila kompyuta huliandikia yenyewe kupitia mtandao, kiasi kwamba kebo ikilegea kwa bahati mbaya faili zima linaweza kuharibika.

LibreOffice Base, programu nyingine ya aina hiyo, haina malipo. Inapotumia injini yake ya ndani ya HSQLDB, yaani sehemu inayohifadhi na kutafuta data, data hukaa ndani ya faili moja lililobanwa, na kompyuta ikizimika ghafla kabla ya kuhifadhi, kazi iliyofanywa inaweza kupotea. Kwa hesabu za watu, hilo lilinitosha kuiacha.

Nilichagua SQLite, injini ndogo ya hifadhidata inayowekwa ndani ya programu nyingine, iliyoanzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo ni mali ya umma, yaani yeyote anaweza kuitumia bure. Kwa kawaida, kabla ya kubadilisha ukurasa wowote wa hifadhidata, huunakili kwanza ulivyokuwa kwenye faili la pembeni. Umeme ukikatika katikati, faili hilo hukutwa pale hifadhidata inapofunguliwa tena, na kila kitu hurudishwa kilivyokuwa kabla ya muamala (mabadiliko yanayoandikwa pamoja, yote au hata moja) kuanza. Nililijaribu jambo hili mwenyewe kwa kuchomoa waya wa kompyuta ya mezani mara 20 wakati miamala inaandikwa, na kila mara jumla ya akiba ililingana na daftari. (Diski duni inayodai imeandika ilhali bado haijaandika inaweza kuvunja ahadi hiyo, kwa hiyo nunueni diski nzuri.)

Haikosi kasoro. Haina fomu, hivyo nililazimika kuziandika kwa lugha ya programu ya Python. Ukaguzi wa uhusiano kati ya majedwali huwa umezimwa mpaka uuwashe kila unapofungua muunganisho. Na safu ya namba hupokea hata maneno, isipokuwa jedwali liwe limetangazwa STRICT, jambo lililowezekana kuanzia mwaka 2021. Niliyatangaza hivyo yote.

Nakala rudufu nazo hazitengenezwi kwa kunakili faili wakati programu inaandika, kwa kuwa faili kuu likitenganishwa na lile la pembeni huweza kuwa bovu. Kila jioni mweka hazina hubonyeza kitufe kinachotekeleza amri ya VACUUM INTO, inayoandika nakala kamili ya hifadhidata kwenye faili jipya, kisha huweka nakala kwenye flashi mbili, na moja hulala nyumbani kwa mwenyekiti.