Berlin mpaka Karlsruhe: kuifuata serikali ya Wajerumani kwa treni

Watu wengi wakifika Berlin wanapiga picha pale geti la Brandenburg, wanapitia kipande cha ukuta kilichobaki, jioni wanatafuta döner, basi, Berlin imeisha. Mi siasa ndo ugonjwa wangu toka zamani, kwahiyo safari hii nikasema naifuata serikali yenyewe, naanzia bungeni namalizia mahakamani. Na mahakama ya katiba ya Ujerumani haipo Berlin bana, ipo Karlsruhe, kule kusini magharibi karibu na mpaka wa Ufaransa, treni ya kasi inakula masaa matano na ushee. Sie kwetu siku hizi kila kitu kinahamia Dodoma, wao wamemuacha hakimu huko mbali na wala hawana mpango wa kumhamisha, nikataka nijue kwanini.

Bungeni unaingia bure ila lazima ujiandikishe mtandaoni mapema, jina na tarehe ya kuzaliwa, ukifika wanakagua kitambulisho na mabegi kama airport, halafu lifti inakutupa juu ya paa. Pale juu kuna lile kuba la kioo alilochora msanifu majengo Mwingereza Norman Foster, limekamilika 1999, unapanda kwa njia ya kuzunguka zunguka mpaka kileleni. Wenzangu wote walikuwa wanaangalia mji, mi nilikaa pale chini ya kuba ambapo ukiinama unauona ukumbi wenyewe, viti vya rangi ya bluu inayokaribia zambarau, na siku hiyo hakukuwa na kikao, kulikuwa na jamaa mmoja tu anapita na toroli la usafi. Yaani mwananchi unatembea juu ya kichwa cha mbunge, na wamejenga hivyo makusudi.

Sasa hapo kuna kitu wengi wetu tunachanganya. Kule kansela, yaani mkuu wa serikali, hapigiwi kura na wananchi, anachaguliwa na wabunge humo ukumbini, kwahiyo bunge na serikali havijaachana kabisa kama Marekani, serikali inazaliwa tumboni mwa bunge. Tarehe 6 Mei 2025 Friedrich Merz, aliyekuwa anautaka ukansela, aliingia pale akijua ameshapita, akaambulia kura 310 wakati alihitaji 316, haijawahi kutokea toka nchi hiyo ianze 1949, ikabidi wapige tena mchana akapata 325. Kumtoa ndo kazi zaidi. Huwezi kusema tu hatuna imani naye mkarudi nyumbani kulala, lazima mumtaje mrithi na mumchague kwenye kura hiyo hiyo, na imefanikiwa mara moja tu, 1982, Helmut Schmidt akatoka Helmut Kohl akaingia. Ofisi ya kansela unaiona kutoka juu ya paa, jengo jeupe lenye duara kubwa, wenyeji wanaliita mashine ya kufulia.

Ukishuka, pembeni ya mto Spree kuna vioo virefu vimesimamishwa kwa mstari, 19, kazi ya msanii Dani Karavan, vimechorwa zile ibara 19 za haki za msingi kama zilivyoandikwa 1949. Nikasoma cha kwanza kwa Kijerumani changu cha kuunga unga: utu wa mtu hauguswi. Kuna mtoto alikuwa anaweka viganja vyake kwenye kioo, mama yake anamfokea atakichafua, na kweli kilikuwa kimejaa alama za vidole mpaka usawa wa kifua.

Dada mmoja wa Tanga aliyenipokea, yupo Berlin miaka mingi, akaniambia mdogo wangu hapo bado hujaona, twende Bundesrat. Ni baraza la majimbo, lipo Leipziger Straße kwenye jengo lililokuwa la baraza la mabwana wa Prussia, ile dola ya zamani ya Wajerumani, watalii wala hawana habari nalo. Ukutani kuna ngao za majimbo yote 16. Mi nilidhani ni kama seneti hivi, maseneta wamechaguliwa wanakuja kubishana, kumbe hapana, wanaokaa pale ni mawaziri wa serikali za majimbo wenyewe, wanakuja kwa niaba ya serikali zao. Kura zipo 69, jimbo dogo kama Bremen lenye watu kama laki saba tu lina kura 3, jimbo kubwa la Nordrhein-Westfalen lenye watu kama milioni 18 lina 6. Na ili sheria inayohitaji ridhaa yao ipite lazima zipatikane 35, sasa sikiliza uzuri: jimbo likinyamaza, likajizuia, hesabu yake ni sawa na hapana. Majimbo mengi yanaongozwa na vyama viwili au vitatu kwa mkataba, wakitofautiana wanajizuia, kwahiyo mswada unaweza kufa bila hata mtu mmoja kusema ameukataa.

Pia jimbo haliruhusiwi kugawa kura zake, na hapa ndo kuna kisa ambacho aliyekuwa anatutembeza alikieleza huku anacheka. Machi 2002 ilikuwa sheria ya uhamiaji, kura zimebanana, jimbo la Brandenburg likaulizwa, waziri mmoja akasema ndiyo, mwenzake wa chama kingine akasema hapana. Mwenyekiti akamgeukia waziri mkuu wa jimbo Manfred Stolpe, akasema ndiyo, ikaandikwa ndiyo, ukumbi ukalipuka kwa kelele, rais wa nchi akaisaini. Desemba mwaka huo huo Karlsruhe wakaifuta yote: jimbo limetoa sauti mbili, kura yake haihesabiki. Nikajikuta nimesimama kwenye ukumbi ule ule nawaza jinsi jengo lililo mbali vile lilivyonyoosha mkono mpaka pale.

Kesho yake nikapanda treni. Kwenye dirisha ni mashamba na mitambo ya upepo, mitambo ya upepo na mashamba, sitakuchosha. Ila tulipofika Kassel nikakumbuka mahakama kuu ya mambo ya hifadhi ya jamii ipo hapo, ya utawala ipo Leipzig, ya ajira Erfurt, ya kodi München. Hawa watu wameshaona madaraka yakirundikana sehemu moja yanafanya nini. Machi 1933 bunge lenyewe lilimpa Hitler na mawaziri wake ruhusa ya kutunga sheria bila bunge, na mwaka uliofuata lile baraza la majimbo la wakati huo likafutwa kabisa. Walioandika Sheria ya Msingi ya 1949, yaani katiba yao, walikuwa wameyaona hayo kwa macho, ndo maana ibara ya 79 inakataza hata kubadilisha katiba ili kuondoa majimbo, huna pa kupitia.

Karlsruhe ni mji mtulivu, barabara zinatoka ikulu ya zamani zikitawanyika kama mbavu za pepeo ya ukindu. Pembeni ya bustani ya ikulu ndo ilipo mahakama, nilitegemea nguzo kubwa kubwa na ngazi, nikakuta majengo ya kioo na chuma, paa bapa, ya mwishoni mwa miaka ya 60, ungeambiwa ni maktaba ya chuo ungekubali. Wanafunzi wamelala kwenye majani hatua chache tu, polisi yupo ila hata hakuniangalia mara mbili. Mahakama ilianza 1951 wakati serikali ipo Bonn, bunge lilipoamua 1991 kuhamia Berlin wao wakabaki.

Majaji ni 16, wanavaa majoho mekundu, nusu wanachaguliwa na Bundestag, lile bunge la kwenye kuba, nusu na Bundesrat, kwa theluthi mbili, kwahiyo hakuna chama kinachoweza kujaza watu wake peke yake. Miaka 12 basi, hakuna kuongezewa, na ukifika 68 unaondoka hata kama miaka haijaisha, tofauti na Marekani ambako jaji anakaa mpaka achoke. Na sio mahakama ya wakubwa tu, mtu yeyote anayeona serikali imemvunjia haki zile za kwenye vioo anaweza kuandika barua, bila wakili, bila ada. Zinakuja maelfu kila mwaka na nyingi sana zinakataliwa, hilo nalo tuseme. Lakini wakikubali kitu wanakubali kweli. Novemba 2023 waliifutia serikali euro bilioni 60, hela za mikopo ya korona zilizohamishiwa mfuko wa tabianchi. Hawana jeshi hawana polisi wa kulazimisha, walisoma hukumu tu, Berlin ikaanza kutafuta hela pengine, na ugomvi wa bajeti ukaendelea mpaka muungano wa vyama vitatu wa kansela wa wakati huo Olaf Scholz ukavunjika Novemba 2024.

Jioni nikalala kwa shemeji, yeye mwalimu, walihama Berlin mwaka juzi. Mi nimejaa hadithi za majaji, yeye ana hadithi moja tu, ya mwanae. Berlin, ambayo nayo ni jimbo, shule ya msingi ni miaka sita, huku Baden-Württemberg, jimbo la Karlsruhe, ni minne, mtoto kaondoka kule yupo darasa la tano la msingi na wenzake, kafika huku wenzake wa umri huo wameshagawanywa wako sekondari, Kifaransa wameshaanza, yeye ndo kwanza anatafutiwa nafasi. Elimu ni mali ya jimbo, polisi pia, na hata sheria nyingi za serikali kuu watekelezaji ni watu wa jimbo.

Nikamuuliza shemeji sasa si ungeandika barua wizarani Berlin? Akaniangalia kama mtu aliyekosea njia.

"Shem, Berlin watanijibu vizuri sana kwamba haiwahusu. Mwajiri wangu yupo Stuttgart, makao makuu ya jimbo, mtaala Stuttgart, hata likizo anapanga Stuttgart."

"Kwahiyo uliandika Stuttgart?"

"Niliandika. Walijibu baada ya wiki sita, mtoto kapewa masomo ya ziada ya Kifaransa. Kula wali huo unapoa."